Mfumo Mpya, Ndege ya Alhamisi

Jumatatu, 5 Machi 2001

Nimefika kabla ya wote. Umeme upo, ajabu. Nimewasha kompyuta, nimewasha foni, redio yetu ya masafa, nikangoja kile kisanduku kinachoziunganisha kilie. Ndicho kinachobeba barua zetu hewani, kutoka kompyuta hii mpaka kompyuta ya kituo cha afya Shabunda, ambako mdogo wangu Janvier ni muuguzi. Barabara imefungwa na vita. Zimebaki ndege ndogo na barua hizi. Leo zimeingia mbili: moja ya dawa, moja ya Janvier ya kunisalimia tu. Nikazichapisha, nikanywa chai.

Wakubwa wetu wa Nairobi wametuletea diski ya mfumo mpya wa kompyuta. Papa Directeur, mkuu wa ofisi yetu, ameiweka mezani kwangu. "Maman Espérance, weye njo unajua hii machine. Utaona weye mwenyewe." Anaogopa kuamua, huyu mzee. Lakini nimefurahi. Mbona nisifurahi? Humu ndani hakuna anayeweza kuandika ukurasa mmoja bila kuniomba.

Jumanne, 6 Machi

Faili za Nairobi hazifunguki. Mashine inaganda. Nazima, nawasha, inaganda tena. Maman Clarisse, karani wa ofisi ya jirani, kaja kuomba karatasi akanikuta nimeshika tama. "Hii machine yenu iko ya musée!" Eti ya makumbusho. Akacheka mpaka mlangoni. Yeye mfumo mpya anao tangu Desemba. Simpendi leo.

Alhamisi, 8 Machi

Barua ya Janvier. Mkewe Noëlla ana mimba ya miezi minane. Mtoto wao wa kwanza, ambaye sasa anakaa Nyantende kwa bibi yake, alizaliwa hapa Bukavu kwa kupasuliwa. Wa pili naye atahitaji kisu, na daktari wa Shabunda amekimbia. Janvier anaomba nafasi kwenye ndege. Papa Zihindula, anayeshughulikia ndege na magari yetu, ameipata kwa Alhamisi ijayo. Saa tutaijua siku mbili kabla.

Saa ya ndege tunaipeleka kwa barua tu. Tukisema kwa sauti kwenye foni, kila mwenye redio anasikia, na wenye bunduki wana redio. Mwaka jana tuliitaja ndege kwa sauti, wakawa wa kwanza kufika kiwanjani. Dawa zote zikaenda nao. Ofisi nyingine za hapa mjini zina foni ya sauti peke yake. Barua tunazo sisi.

Ijumaa, 9 Machi

Zihindula amesikia nataka kuweka mfumo mpya kesho, kaja kusimama mbele ya meza yangu. "Maman Espé, uache kwanza avion ipite. Kisha utafanya yako." Nikamwambia ndege ni ya Alhamisi, ashughulike na mafuta ya magari. Akatoka na aibu yake. Yangu ilibaki hapa.

Nairobi wanataka ripoti Jumatatu. Mfumo mpya ni wa haraka, hata barua za Janvier zitakwenda upesi zaidi. Nimejiambia nafanya hivi kwa ajili yake. Nusu ni kweli. Nusu nyingine ni Clarisse.

Kinachonisumbua ni kwamba diski za mfumo wa zamani hatuna. Wakati wa pillage, ule uporaji, waliiba kila kitu humu, hata mapazia. Tukishaingia kwenye huo mpya, hakuna kurudi. Nimemwita fundi, Baudouin. "Maman, hakuna problème. Itatembea tu." Sikumuuliza juu ya kisanduku. Niliogopa angesema tungoje.

Jumamosi, 10 Machi

Tumeweka. Asubuhi nzima, kwa jenereta, maana umeme ulikatika mapema. Skrini ina rangi za kupendeza. Faili za Nairobi zimefunguka zote. Nilipiga makofi peke yangu ofisini. Baudouin alikula mikate yangu, nikamwachia.

Mchana nikawasha foni nimwandikie Janvier. Kisanduku kimya. Tukachomoa nyaya, tukachomeka. Kimya.

Jumapili, 11 Machi

Misa. Sikusikia hata neno moja la padri.

Jumatatu, 12 Machi

Mfumo mpya haukijui kisanduku. Baudouin ameandika kwa waliokitengeneza, Ulaya, watutumie programu nyingine. Wiki kadhaa, anasema. Hanitazami usoni.

Nimezunguka ofisi za mitaa ya Nyawera na Muhumba kwa miguu, nikiomba diski za mfumo wa zamani. Wengine walizitupa. Wengine waliibiwa kama sisi. Clarisse alipekua kabati zake zote pamoja nami, magoti yakiwa sakafuni, na hakucheka. Hakuna.

Ripoti ya Nairobi imekwenda kwa wakati wake. Papa Directeur kanipongeza mbele ya wafanyakazi wote. Nikarudi kukichomeka kisanduku.

Jumanne, 13 Machi

Rubani ametoa saa. Keshokutwa, saa tatu asubuhi. Hatazima injini. Noëlla akikosekana kiwanjani, ataondoka bila yeye. Kiwanja kiko mbali na kituo, na kwa hali ile hawezi kushinda pale siku nzima mbele ya askari.

Zihindula hakuniambia kwamba alinionya. Afadhali angeniambia.

Jumatano, 14 Machi

Nimesema kwa sauti. Njia nyingine haikuwapo. Wazo lilikuwa langu: tuseme Mashi, lugha yetu ya nyumbani. Shabunda ni kwa Warega, askari nao wanasema Kiswahili na Lingala. Nani atatuelewa? Nikashika foni, nikamwita Janvier, nikasema kila kitu kwa Mashi, polepole, kama mtu anayepeleka salamu za ndoa. Siku, saa, injini haitazimwa. Akajibu kwa Mashi kwamba wamesikia.

Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja. Niandike hivyo hivyo. Nilijiona mjanja.

Alhamisi, 15 Machi

Ndege imerudi tupu.

Rubani anasema alishuka mpaka akawaona sura zao. Kiwanja kimejaa watu wenye bunduki. Akapandisha, akazunguka, akaona hawaondoki, akageuza. Simlaumu.

Mchana Janvier ameita kwa sauti. Hakuna tena cha kuficha. Pale penye redio ya askari alikuwako kijana wa Kabare, huku kwetu. Mushi kama sisi, Mashi ni lugha ya mama yake. Alielewa kila neno, akawaambia wakubwa wake wawahi ndege.

Noëlla alikuwa amekaa kando ya kiwanja na kifurushi cha nguo za mtoto. Aliiona inakuja, akaiona inaondoka.

Ni mimi. Vita ni vita, lakini hili ni mimi.

Jumapili, 18 Machi

Rubani yule hataki kurudi. Zihindula amebembeleza wengine, amewafuata mpaka majumbani kwao, siku ya Mungu. Hakuna anayekubali. Uchungu ulimwanza Noëlla jana. Nimeshinda ofisini karibu na foni. Sauti ya Janvier inakuja na kukatika. Ananiuliza, "Munapata avion?" Namjibu tunatafuta.

Jumatatu, 19 Machi

Noëlla amefariki. Mtoto pia. Alikuwa msichana.

Jumatano, 21 Machi

Nyantende, kwenye kilio. Tumekwenda na Zihindula. Mvua, matope mpaka magotini. Mama yake Noëlla alinipa nafasi karibu naye kwenye mkeka, kwa kuwa mimi ni wifi wa marehemu. Watu walikuwa wanasema, "Ni vita. Ni hii vita njo inatumaliza." Kila mmoja aliyeingia alisema hivyo, nami nikaitikia pamoja nao. Mtoto mkubwa wa Noëlla akaja kulala mapajani mwangu. Mama akanishukuru kwa yote niliyofanya kuitafuta ndege.

Nafasi ya kusema niliipata. Zihindula alinitazama mara moja, kisha akatazama mvua. Sikusema.

Ijumaa, 23 Machi

Kazi. Mashine haigandi tena. Naichukia.

Alhamisi, 5 Aprili

Programu imefika kutoka Ulaya. Baudouin ameiweka na kisanduku kikalia. Watu waliingia ofisini kutazama. Lakini kompyuta ya Shabunda bado iko kwenye mfumo wa zamani, na hizi mbili hazielewani vizuri: barua fupi zinapita, ndefu zinakatika. Ile nayo lazima ibadilishwe. Papa Directeur ameuliza lini. Kwa mara ya kwanza nimemjibu kwamba sijui, aamue yeye. Alishangaa, akasema tutaona.

Ningengoja siku sita tu. Ripoti ya Nairobi ingechelewa, wangenung'unika, basi. Hakuna ambaye angekumbuka leo.

Jumanne, 24 Aprili

Janvier yuko hapa. Ndege ilitua Shabunda juzi, saa yake tuliipeleka kwa barua fupi, bila tatizo lolote, ikamchukua. Jana alikuwa Nyantende kwa mtoto wake. Leo kaja ofisini. Amekonda, koti linamning'inia.

Nilifunga mlango nikamwambia. Nilianza na diski iliyowekwa mezani kwangu. Nikamwambia habari ya Clarisse, na jibu nililompa Zihindula, na swali ambalo sikumuuliza Baudouin. Nilisema yote bila kupumzika, maana nilijua nikinyamaza sitaweza kuendelea. Alisikiliza akitazama ziwa dirishani.

Akaacha kutazama ziwa, akanigeukia. Kisha akasema, "Ile siku ya foni, Noëlla alikuwa pembeni yangu. Alisikia sauti yako, akacheka. Akasema, dada yako iko anasema Mashi sawa na mama yangu."

Akarudi kutazama ziwa. Sijui kama amenisamehe. Nililia, yeye hakulia.

Baadaye akatoa diski mfukoni. Papa Directeur amempa aende nayo, akaiweke mwenyewe kwenye kompyuta ya Shabunda. Ndege yake ni Ijumaa. Akaiweka kati yetu mezani.

"Unionyeshe," akasema. "Naanza na nini?"

Nikamwambia aanze kwa kuuliza kama kuna mgonjwa anayengoja ndege. Akiambiwa yupo, asiguse kitu.

"Sawa, dada," akasema, akavuta kiti karibu.