Majani ya Igogo, Bahasha za Nansio

Jumatatu, 2 Machi 1998
Nimebadilisha magazeti ya kukaushia majani. Ya jana yalikuwa yameloa. Majani ya magugu maji ya Igogo yamekwisha kauka, ya Kigongo bado. Yote yana madoa ya kahawia. Madoa hayo ni kuvu inayokula gugu likiwa hai. Neema, mtafiti, atayatuma ng'ambo ili vinasaba vya kuvu visomwe, ajue kama ni kuvu moja ziwa zima. Ikiwa ni moja, wataikuza na kuipuliza katika kila ghuba, iyaue magugu. Mimi nachuma, nakausha, naandika bahasha. Kazi nzuri kwa karani wa masjala aliyepunguzwa kazini. Alhamisi natakiwa nikachume Nansio, kisiwani Ukerewe. Sijakanyaga huko tangu 1953.

Alhamisi, 5 Machi
Sikushuka. Meli ilifunga gati, watu wakashuka, nikabaki kwenye benchi na mfuko mtupu. Baba zangu wadogo walitufukuza kisiwani, baba na mimi, kwa ajili ya shamba. Nilidhani hayo yamekwisha. Kuli aliyepanda kuchukua magunia akanitazama usoni, akauliza kwa Kikerewe: "Mzee, wewe mtoto wa nani?" Nikajibu kwa Kiswahili kwamba mimi si mtu wa hapa. Akacheka: "Basi pua hiyo umeiazima wapi?" Nimerudi na meli ileile.

Ijumaa, 6 Machi
Asubuhi nimechuma majani kumi ufukweni Igogo, dakika tano kutoka kwangu. Kwenye bahasha nimeandika: Nansio. Mwandiko mzuri. Miaka ishirini na saba masjala sikuandika uongo hata kwenye jalada moja.

Jumanne, 14 Julai
Majibu yamekuja. Karatasi zimejaa herufi nne tu, zikijirudia kwa mpangilio wao. Neema alizitandaza mezani, akafuata mistari kwa kalamu. Kuvu ya Kigongo inatofautiana na ya Igogo sehemu kadhaa. Ya Igogo na ya Nansio, hakuna tofauti hata herufi moja. "Babu, mapacha! Maji yote yale katikati, na bado mapacha!" Akaagiza soda mbili. Nikanywa yangu yote. Mwoga.

Ijumaa, 17 Julai
Anaandika ripoti. Anashauri kuvu ya Igogo ikapulizwe Ukerewe, kwa kuwa kule ni ileile. Jumatatu inakwenda kwa wakubwa wake, jina lake juu. Sijala tangu jana.

Jumapili, 19 Julai
Nimemwambia. Nilimsubiri nje ya kanisa. "Shikamoo, babu." Marahaba haikutoka. Nikasema yote, hata habari za kuli. Hakunifokea. Angefoka ingekuwa afadhali. Aliuliza tu: "Na Kigongo, ulifika?" Nikasema nilifika. Ana haki ya kutoniamini. Aibu hii sina wa kumpa.

Alhamisi, 23 Julai
Nansio, pamoja na Neema. Nimeshuka. Ripoti ameisimamisha. Gatini hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilikunja suruali, nikaingia majini hadi magotini, nikachuma majani kumi yenye madoa. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Neema aliketi juu ya jiwe, akaomba kalamu yangu, akaandika bahasha zote mwenyewe, moja moja, tarehe na mahali. Mimi nilimshikia zisipeperushwe na upepo.