Tanga la Bafta

Kalangalala, Geita
14 Novemba 1951

Kwa Dada Justa, Songwa

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta wewe na watoto mkiwa na afya, na goti la mama mkwe wako limepoa. Hapa mvua zimeanza. Mimi na mke wangu Euphrasia tunapumua tu, nisikudanganye kwamba tu wazima.

Dada, mumeo, shemeji Maduhu, hajarudi. Leo ni siku ya sita tangu atoke ghuba ya Nungwe na bwana wake, yule mhandisi wa mgodini, kwa mashua yao ya matanga, kwenda Bukoba. Bukoba wanajibu kwamba hawajafika. Wavuvi wa Kome wanasema waliiona mashua baada ya mvua, lile tanga kubwa jeupe limechanika na kujisokota mlingotini, inakwenda upande. Wameitafuta mara mbili bila kuiona. Kila asubuhi naenda ofisi ya mgodi kuuliza, na karani anatikisa kichwa kabla sijamsalimia.

Tanga hilo nililishona mimi. Yale ya zamani yalikuwa ya turubai nzito, na upepo mdogo ukitoka nyuma yalining'inia tu, mashua haisogei. Mhandisi akataka moja kubwa, jepesi. Akatandika mezani vitambaa viwili, parachuti lililobaki vitani na jora la bafta, ile pamba nyeupe ya dukani, akaniuliza kipi kinafaa, maana mwenye kujua vitambaa ni fundi. Shemeji alishika parachuti, akasema hili limebeba watu angani, halitashindwa na mashua. Nikamcheka, nikamwambia yeye ajue ng'ombe, vitambaa aniachie mimi. Nikaweka bafta mdomoni nikapuliza, hewa haikupita. Mhandisi naye akapuliza, akaridhika. Nilishona siku nne, na kila aliyeona mishono alisifu.

Sasa wewe Mwalimu Stanslaus unayemsomea dada yangu, najua una huruma na mabaya huwa unayaruka. Hapa tafadhali usiruke hata neno.

Dada, nilijua. Bafta mpya inakuwa ngumu kwa sababu ya wanga wa kiwandani. Ikilowa, wanga unatoka, inabaki laini kama chandarua. Hata wewe unajua, ndiyo maana nyumbani tulikuwa tunailoweka kabla ya kukata. Ile sikuiloweka, nilitaka ionekane imara. Siku moja kabla, mhandisi alikuwa amenipa kipande cha parachuti nikijaribu. Kwenye cherehani langu kiliteleza, mshono ukaruka ruka, sindano mbili zikavunjika. Niliona aibu kusema imenishinda, nikaogopa kazi itapelekwa kwa fundi wa Mwanza. Basi nikaisifia bafta.

Asubuhi ya kuondoka shemeji alinivuta kando, akaniuliza kwa Kisukuma kama tanga litahimili. Nikamwambia litahimili. Akasema kama ni mimi niliyesema hana wasiwasi, akapanda.

Mpaka sasa mgodini hakuna anayejua. Wananipa pole. Mama yake Maduhu sijui utamwambiaje, na mimi sina la kukusaidia.

Wabusu watoto. Ukija, Euphrasia atakupokea. Nimeongea pia na Bernadina wa kanisani, ana chumba, kama hutaweza kulala kwangu.

Ni mimi mdogo wako,
Eustace