Gesi Iliyolala Ndani ya Makaa

Mpendwa Baba Rehema,

Mvua ya Tukuyu haijakata wiki nzima, na vitambaa dukani vinanuka unyevu. Nimefunga mapema nikae nawe kidogo.

Unakumbuka ulivyoniletea kipande cha makaa ya mawe kutoka mgodini? Nilidhani ni cha kupikia. Ukakitumbukiza kwenye beseni la maji, tukainama vichwa vikigusana. Vipovu vikaanza kupanda, vidogo kama vichwa vya pini.

"Hiyo ni gesi," ukasema. "Makaa yana vitundu visivyoonekana kwa macho. Gesi imenata humo tangu miti iliyogeuka makaa ilipozikwa ardhini, na mgandamizo wa maji na mwamba ndio unaoishikilia. Tukikata, mgandamizo unapungua, inaanza kujitoa."

"Inanuka?"

"Haina harufu, mke wangu. Ndiyo maana tunaipima."

Kisha ikaja ile siku feni ya kuingiza hewa mgodini ilipozimika. Ulisikia makaa yakitatarika kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Msimamizi alitaka mmalizie kazi kwanza. Ukakataa, ukawatoa wenzako. Gesi ilikuwa inajaa, na cheche moja ingetosha kuwamaliza. Jioni ulikaa kizingitini, ukaniambia tu, "Tumetoka wote." Nilikuvua buti, nikakuosha miguu.

Tangu maradhi ya kifua yakuchukue, sikutaka hata kusikia habari za mgodi. Sasa binti yetu kaajiriwa huko huko, kupima gesi. Nilimwambia haendi. Akaniketisha.

"Mama, siku hizi tunatoboa mashimo kabla ya kukata. Tunavuta maji, mgandamizo unashuka, gesi inajiachia polepole, tunaitoa kwa bomba."

"Na ikigoma kutoka?"

"Basi hatuingii."

Aliyasema bila kupandisha sauti, kidevu kimeinuka, kama wewe kabisa. Nikamruhusu aende.

Leo ndiyo ilikuwa zamu yake ya kwanza. Nilikuwa nampimia mteja kitambaa, simu ikaita. "Mama, nimemaliza. Nimechafuka hadi masikioni!" Nikacheka huku machozi yananitoka, na kile kitambaa nikakikata upogo. Mteja, Mungu ambariki, akakichukua hivyo hivyo.

Nimekukosa sana, baba watoto. Leo nilitaka uisikie sauti yake. Pumzika, Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Mkeo,
Mama Rehema