Mbwa Anayenitazama Usoni

Jumatatu, 3 Novemba

Ukungu tena. Uwanja wa shule ya Kahororo hauonekani mwisho wake. Tumetembea ndani yake kama watu wa ndotoni, mimi na mbwa wangu Watasema, yeye ubavuni kwangu kushoto, kichwa juu, macho usoni pangu. Hatua chache tu. Kunguru akalia, macho yakaondoka.

Jina alipewa na baba mdogo, kuwapiga vijembe majirani zake wa Ngenge. Mimi nimepewa mbwa pamoja na vijembe.

Bado natema senene, wale panzi wa kuliwa. Naweka mmoja mkavu shavuni, namwambia "Uso", akinitazama vizuri namtemea, anadaka. Hawa ni wa msimu uliopita, hawana hata ladha. Mlinzi wa shule ananiona kila asubuhi nikimtemea mbwa. Najua anakwenda kusimulia kwao.

Alhamisi, 6 Novemba

Mwanafunzi mpya wa udereva, mama mtu mzima, alikuwa ananitazama mimi badala ya barabara. Nusura tuingie mtaroni pale Rwamishenye. Nimemfokea. Baadaye nimecheka peke yangu garini. Alfajiri nambembeleza mbwa asitazame njia, anitazame mimi. Mchana nalipwa kuwakataza watu kosa hilohilo.

Jumapili, 9 Novemba

Baba mdogo alikuja baada ya ibada. Amekula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki, akasifu, kisha akanikumbusha makubaliano. Mbwa wake mzee amekufa, tumbili wanamlia mahindi. Watasema akiwa wa kwanza kwenye mashindano ya utii Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, atabaki kwangu moja kwa moja. La sivyo arudi Ngenge kulinda shamba.

Nilikubali mwenyewe, mbele ya shangazi zangu wote, kwa maringo. Jioni nimeosha vyombo kwa hasira mpaka kikombe kimevunjika. Simtaki mbwa mwingine. Namtaka huyu.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo imetokea.

Ukungu mzito, ziwa linasikika tu. Tumezunguka uwanja mzima. Kulia, kushoto, kugeuka nyuma, kusimama, naye akakaa bila kuambiwa. Hakuniacha hata kidogo. Bega lake liligusa suruali yangu kila hatua. Sikusikia ardhi. Nilisahau umri, nilisahau goti bovu, sikujua tunaelekea upande gani na sikujali. Nilitamani jua lisitoke.

Sijawahi kutazamwa hivyo. Hata yule aliyewahi kunichumbia alikuwa anatazama simu.

Jumatano, 19 Novemba

Senene wameshuka. Mji umepagawa. Watu na chupa, watu na mifuko, ofisini nusu ya walimu hawapo. Mimi naogopa.

Mbwa aliyefundishwa kwa senene, mashindano katikati ya msimu wa senene. Mtu mwenye akili angetumia nyama. Nilichagua senene kwa sababu wanakaa shavuni bila kudondosha mchuzi, nikajiona mjanja. Wenzangu wa kilabu cha mbwa wakaniiga. Sasa wote tunapigiana simu kuulizana tufanye nini. Mwamuzi anatoka Mwanza, hajui yanayomsubiri.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua alfajiri. Ilipokatika, senene wakaanza kuanguka uwanjani, taratibu, kijani juu ya kijani.

Mbwa wa kwanza alienda kula, akasahau kama ana mwenyewe. Wa pili alimburuta mwenyewe mpaka kwenye majani marefu. Watazamaji nao waliinama kuokota. Baba mdogo aliwakusanya senene kwenye kofia yake.

Zamu yetu. Nilisema, "Uso." Akainua macho.

Senene waliruka chini ya pua yake, hakuinama. Kwake yeye senene hatoki mbinguni wala majanini, anatoka usoni pangu. Tukatembea. Sauti za watu zilikwenda mbali. Senene walimwangukia mgongoni, wakaniangukia mabegani, nasi tunapita katikati yao polepole, kulia, kushoto, kurudi. Nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu.

Kusimama kwa mwisho. Senene mmoja akatua mdomoni kwangu. Watasema aliruka, akamdaka, akanichana mdomo. Uwanja mzima ulicheka. Mwamuzi hakucheka, aliandika.

Tulikuwa wa pili. Aliyeshinda ni mbwa mzee wa daktari wa mifugo, mbwa mwenyewe anaumwa na hana hamu ya kula chochote.

Baba mdogo alinipa leso nifute damu. Alisubiri nimalize. "Mwanangu, tulikubaliana."

Jumapili, 23 Novemba

Nimempeleka Ngenge. Nimemwacha kwenye kamba, pembeni ya shamba. Nimeondoka bila kugeuka.

Uongo. Nimegeuka. Alikuwa amekaa, ananitazama, mpaka migomba ikanificha. Nimelia njia nzima. Mdomo unauma.

Jumanne, 2 Desemba

Nimeamka saa ileile nikaenda uwanjani. Nimetembea peke yangu kwenye ukungu, mkono wa kushoto sijui pa kuuweka. Mlinzi wa shule ameuliza mbwa yuko wapi. Nimemjibu vibaya. Kesho nimwombe radhi.

Jumatano, 10 Desemba

Baba mdogo amepiga simu wakati niko na mwanafunzi. Nimesimamisha gari.

Alianza na salamu ndefu, za ng'ombe, za shangazi, za mvua. Nilijua kuna jambo. Kisha akasema tumbili wameingia tena, mchana kweupe, yeye na mbwa wakiwa shambani. Alikuwa amemfungua kamba amwachie kazi. Watasema alikaa mbele yake, akayapa mahindi mgongo, akainua uso. Baba mdogo akisogea, naye anasogea, upande wa kushoto.

"Waitu, mwanangu, mbwa huyu ananitazama mimi tu," amesema. "Tumbili wanapita nyuma yake wamebeba mahindi yangu. Njoo umchukue."

Nimemshukuru, kasinge, kasinge, mpaka mwanafunzi akanitazama. Nimemwambia atazame mbele.

Jumapili, 14 Desemba

Ukungu, mwepesi leo. Senene wamekwisha. Shavuni sina kitu.

Tumetoka nyumbani kabla ya kengele ya kanisa. Sikumwambia Watasema neno. Amekuja kushoto mwenyewe, akainua kichwa. Hatukwenda uwanjani, tumeshika tu barabara ya kuelekea ziwani. Kuna dimbwi, nimemvusha. Kuna jiwe, nimelizunguka naye. Pikipiki imepita, hakugeuka.

Njia naitazama mimi, kwa ajili yetu wote wawili.