Kabla Eda Yako Haijaisha

Bondeni, Nakuru
Jumapili asubuhi

Kwako mdogo wangu Rumaisa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta umekula, maana nakujua, ukinuna hata uji unakushinda. Sisi huku hatujambo. Mama magoti bado yanamsumbua lakini mdomo haujambo kabisa. Jana aligombana na muuza maziwa mpaka akaongezewa. Shangazi naye yu hali gani hapo Karagita? Mwambie dera lake nimemaliza kulishona, na nimeliachia nafasi kiunoni kwa sababu tunazozijua mimi na yeye.

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Hata ungepokea, haya ninayotaka kukuambia mdomo wangu ungeyaonea haya. Mama anazihesabu siku zako za eda kuliko unavyozihesabu wewe. Umeshaona damu mara mbili tangu Jalal akupe hiyo talaka moja uliyomlilia. Ya tatu ikianza tu, eda imekwisha, na hawezi tena kukurudisha bila kufunga ndoa upya. Kwa hesabu ya Mama zimebaki siku kumi. Kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho, hasira uziweke kando kidogo.

Unakumbuka ile siku uliyonipigia, miezi miwili baada ya harusi, huku unalia? Ulisema unatokwa na majimaji ya kijivu yenye harufu ya samaki, na harufu huzidi ukishakutana na mumeo. Mimi, bingwa wa kila kitu, sikukuuliza hata swali la pili. Nilikuambia ugonjwa wa namna hiyo mwanamke hajiletei, huletewa. Ukamkabili Jalal, akaapa mpaka akachoka, nawe ukafunga begi lako. Nilikusifu kwa hilo. Nilisema angalau binti mmoja wa nyumba hii ana msimamo.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita yalinipata mimi mambo hayo hayo. Majimaji yale yale, harufu ile ile. Mimi, Rumaisa, ambaye kwa miaka sita hakuna mwanamume aliyevuka kizingiti cha chumba changu ila fundi wa umeme, na huyo Mama alimsimamia mpaka akatoka! Nilikaa kitandani nikajiuliza, haya, leo nimlaumu nani? Nikavaa buibui langu nikaenda zahanati moja huko Rhonda, nisije nikakutana na mtu anayenijua.

Nesi aliyenipokea anaitwa Milcah, mama mmoja wa kutoka Bungoma mwenye sauti ya kuita wateja sokoni. Nilimwomba aipunguze, akacheka akafunga mlango. Alinipima kwa kijiti cha pamba, wala hakikuuma, akaenda na kurudi, akasema ni bakteria. Alinieleza kwamba mle ndani mna vijidudu vizuri vinavyolinda mahali pale, na hivyo vikipungua, vile vibaya huzidi. Na hilo humpata yeyote, mwenye mume na asiye na mume. Kisha akaniuliza ninajisafisha vipi. Nilimjibu kwa maringo kabisa: kila Alhamisi jioni, jiwe la shabu lililoyeyushwa kwenye maji ya waridi, mpaka ndani, kama Bibi alivyotufundisha, halafu najifukiza kwa udi. Milcah akaweka kalamu chini. Akasema mathe, mama yangu, basi hao walinzi wako unawaua mwenyewe kila wiki. Ndani kunajisafisha kwenyewe, akasema, kazi yetu ni kuosha nje kwa maji tu, na udi ukae kwenye nguo na mapazia.

Nilitaka kumkasirikia lakini alikuwa ananieleza kwa upole kama mtu wa nyumbani. Aliniambia hata kutokwa kwenyewe si ugonjwa. Sisi tumezoea kuuita uchafu, ndiyo maana hatutulii mpaka tuufute, kumbe ni ute ambao Mungu ameuweka kwa kazi yake. Siku nyingine ni mweupe, siku nyingine unavutika kama ute wa yai, na kama hauwashi wala haunuki vibaya, uache. Nilikumbuka ulivyokuwa na miaka kumi na mitatu ukificha nguo zako za ndani chini ya godoro kwa aibu, na hakuna aliyekaa nawe kukueleza. Hata mimi sikukaa nawe.

Alinitajia na mengine. Kuna fangasi, ute wake huwa mzito kama maziwa yaliyokatika na unawasha mpaka mtu anatamani kujikuna mbele za watu, na humtokea hata mwanamke aliyemaliza tu dawa za kifua. Nilimuuliza waziwazi kama hakuna kabisa yanayoletwa na wanaume. Akasema yapo, hakunificha. Ute ukiwa wa njano au kijani na una povu, mara nyingi mke na mume hutibiwa pamoja, na ukisikia maumivu chini ya kitovu au homa, usingoje kesho. Ila kwa macho, akasema, hata yeye nesi wa miaka ishirini anaweza kukosea, sembuse dada mtu kwenye simu. Hapo alikuwa ananisema mimi, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia habari zako bila kukutaja jina. Vidonge alivyonipa nimevimeza siku saba, na niko salama.

Rumaisa, wiki moja kabla ya harusi nani alikuandalia chupa ya shabu? Nani alikuambia uitumie kila siku, asubuhi na jioni, ili mumeo akuone umetakata? Ni mimi. Kwa mikono hii nilikupa, halafu ulipougua nikakuonyesha mtu wa kumlaumu. Sijui una nini, Milcah amesema lazima upimwe, lakini najua hakuna aliyekuthibitishia ubaya wa Jalal isipokuwa mimi.

Ijumaa baada ya swala Jalal alikuja kumjulia hali Mama. Amekonda. Nilimuuliza kwa nini hakurudishi na anao uwezo wa kufanya hivyo kwa neno moja tu. Akasema hawezi kumrudisha mtu anayemwogopa, anangoja wewe umwambie.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Mnadhani ndoa yangu na Muhidin ilivunjika kwa sababu ya ndugu zake. Si kweli. Nilianza kutokwa na majimaji haya haya nikamwambia amenitia ugonjwa. Yule bwana hakunipigia kelele. Alikwenda mwenyewe hospitali, akapimwa kila kitu, akaniletea karatasi. Niliichana mbele yake bila kuisoma, nikamwambia karatasi za namna hiyo zinanunuliwa. Kisha nikadai talaka, na siku zote za eda alikuja mlangoni, nikamwambia Mama aseme nimelala. Siku ya mwisho alisimama pale mpaka magharibi. Unajua mwenyewe kwamba sasa ameoa huko Bahati na ana watoto wawili.

Jana nilimpigia. Mkewe ndiye aliyepokea, nikajitambulisha, akampa mumewe simu. Nilimweleza yote, shabu na bakteria na karatasi, na nikamwomba radhi. Nilitegemea anitukane. Aliniuliza tu kama nimepata dawa na kama nimepona.

Nimelia mpaka leo asubuhi, mdogo wangu. Mtu wa namna hiyo nilimfungia mlango, na hakuna siku hata moja iliyobaki ya kumfungulia. Wewe unazo kumi. Barua hii naituma leo kwa matatu, na Jumanne nakuja Karagita tuende kliniki pamoja, na ukitoka humo, simu ya kumpigia Jalal ninayo mkononi.

Shangazi mbusu kwa niaba yangu, na Mama anakusalimu anasema ule. Nakupenda kuliko ninavyokuonyesha.

Ni mimi dada yako,
Mboni