Injini ya Gari la Marehemu

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa sita

Asubuhi nimejaza tena maji kwenye radieta. Maji ya mto Shari, yana tope, lakini pale tunapochota mchanga hakuna mengine. Miaka yote tunatia hayo hayo. Tulipoanza kupanda na mzigo, injini ikaanza kugonga. Moshi mweupe. Wapakiaji wakashuka kusukuma huku wakinitukana kwa mpango, kama watu wanaoimba. Mmoja akanipigia kelele mimi dereva: "Shofa, siye tulikuja kupakia muchanga, hatukuje kuzika mutu!" Nilicheka kidogo.

Tulichelewa. Mwenye kujenga alikuwa ameshanunua mchanga kwa wengine. Nimeurudisha kwa Mama Masika, mwenye gari. Umelundikwa uani.

Mgongo unauma. Nimechoka kuliko kawaida.

Jumatano, tarehe 11

Fundi Dieudo amekuja. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta akakiinua juu. Mafuta yamekuwa kama chai ya maziwa. Maji yanaingia ndani ya injini. "Salumu, weye ni muzee," akasema, "lakini moteri hii ni babu yako." Mama Masika hakucheka.

Dieudo anasema kuitengeneza ni kujidanganya. Ni kubadilisha tu. Kuna moja ya mtumba imetoka Kampala, iko kwa muuzaji karibu na soko. Mama hana pesa hiyo. Ana kiwanja Butembo, alichoachiwa na baba yake. Ndicho kitu pekee kilichombakia kwao. Biashara zote alizokuja nazo hapa Bunia zilikwisha wakati mumewe alipougua. Limebaki gari, na tanuri lake la mikate.

Akanigeukia mimi. "Salumu, weye ndiye unajua hii gari. Niuzishe kiwanja?"

Nikasema acha nifikiri. Uongo. Hakukuwa na kitu cha kufikiri.

Alhamisi, tarehe 12

Niandike ukweli hapa, maana sina wa kumwambia. Shasi imepasuka. Upande wa kushoto, nyuma ya kabini. Chuma kile ndicho kinabeba kila kitu, injini na mzigo. Marehemu Paluku, mume wa Mama, alikitia kiraka cha chuma, akakichomelea, akakipaka lami kisionekane. Nilikikuta hivyo nilipochukua usukani baada ya mazishi. Sasa ufa umetokeza upande wa pili wa kiraka. Kidole kinaingia.

Injini yenye nguvu itamaliza kazi haraka. Gari litakatika njiani. Labda kwenye mteremko tukitoka Marabo na mkaa, watu wamekaa juu ya magunia.

Dieudo hajui. Yeye anaangalia injini, huku chini haingii.

Lakini nikisema, gari litauzwa kama vyuma chakavu. Na mimi je? Bunia sina ndugu. Nilitoka Kasongo nikifuata dhahabu, dhahabu ikanikataa, gari hili likanipokea. Nalala katika chumba cha uani kwa Mama. Kwa umri wangu hakuna atakayenipa usukani mwingine. Nyumbani siwezi kurudi mikono mitupu. Mke wangu ameshaacha kuniuliza narudi lini.

Injini mpya kwangu, shasi ikivumilia, ni mwaka mmoja zaidi wa kazi. Labda miwili. Kwa Mama ni kiwanja cha baba yake. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ninavyopiga hesabu zangu.

Jumamosi, tarehe 14

Tumeijaribu ile injini. Kwa muuzaji wanaiweka chini juu ya matairi, wanaifunga kamba kwenye nguzo, wanaunga betri na dumu la mazuti, yaani dizeli, kisha wanaiwasha hapo hapo, bila gari. Ikanguruma safi. Ardhi ilitetemeka. Nilisimama nikiisikiliza kama mwenye njaa aliyesikia harufu ya nyama kwa jirani. Mama alishika kifua.

"Mama, hii ni simba," muuzaji akasema. "Utarudi kunishukuru."

Dieudo akamjibu: "Simba ya Kampala. Inakula mazuti ao inakula watu?"

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa natazama kamba, jinsi injini ilivyokuwa ikiivuta.

Mnunuzi wa kiwanja amepatikana. Jumatatu Mama atampigia simu kukubali. Kesho kwanza maombi.

Jumapili, tarehe 15

Baada ya ibada, kikundi cha maombi kimekuja uani. Watu wa kanisa lao hawanunui kitu kikubwa bila kukiombea. Akina mama wameshona liputa, vitenge vya kujifunga, za aina moja. Boneti ilifunguliwa. Wakalizunguka gari wakiimba. Mmoja akasema ameonyeshwa katika maono gari limejaa magunia likipanda mlima bila kusukumwa. Wakapiga vigelegele.

Kisha kila mtu akaweka mkono kwenye gari, akasema amina, mmoja baada ya mwingine. Nikafikiwa. "Shofa, weye pia. Mungu ni mumoja."

Mikono niliiweka nyuma. Amina ya mgeni ni ya kuitikia tu. Amina ya dereva ni ushahidi. Ningekuwa nimemwambia Mungu, mbele ya Mama, kwamba gari ni zima.

Wote wananitazama. Halafu mama mmoja akasema kwa upole: "Mumuache, yeye ni Muislamu." Wakaendelea.

Nami nikakubali kuachwa. Nikajificha nyuma ya dini, mimi ambaye msikitini wananiona siku ya Idi tu. Wakati wa kula wakanipa sahani kubwa kuliko zote, ili nisijione nimetengwa. Chakula kilinishinda.

Jumatatu, tarehe 16

Nimesema.

Mama alikuwa na simu mkononi. Nikamwambia: kabla hujapiga, njoo chini ya gari. Alidhani nimepata wazimu. Nikatandika gunia. Akaingia, mwanamke mzima na heshima zake, akalala chali huku ameshika kitambaa cha kichwa kisiguse mafuta. Nikamwonyesha pa kuweka kidole. Kikaingia chote ndani ya ufa.

Nikachukua bisibisi nikaanza kukwangua lami, aone kiraka kinapoanzia. Chini ya lami kukatokea rangi ya bluu. Halafu bawaba, imekatwa nusu.

Akasema, polepole: "Huu ni mulango ya tanuri yangu."

Tanuri lake halina mlango tangu kabla sijafika. Analiziba kwa bati na jiwe. Mumewe alimwambia mwizi ameuchukua usiku. Mama akamlaani mwizi huyo kanisani, mbele ya watu wote, na mumewe akaitikia amina pamoja na wengine.

Alicheka. Alicheka hapo chini hadi akakohoa. "Paluku! Kumbe mwizi ni weye!" Kisha kicheko kikageuka. Nikatoka nikamwacha na mume wake.

Alipotoka, mgongo wote ni vumbi. "Alijua gari imekwisha. Akanificha, kusudi nisikate tamaa." Akajipangusa. Halafu: "Na weye, Salumu? Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia tangu lini.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akampigia yule mtu wa Butembo, akamwambia kiwanja hakiuzwi.

Alhamisi, tarehe 19

Wanunuzi wa vyuma wamelikata gari kwa gesi, hapo hapo uani. Nilisaidia kushika. Kiraka niliwaomba wakitoe kizima, wakakitoa. Dieudo alikuja kutazama. Anasema Niania kuna lori linatafuta dereva. Aliposema hivyo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jioni uani palikuwa peupe mno. Doa la mafuta tu, na ule mchanga.

Jumapili, tarehe 29

Juma zima nimekuwa Shari na koleo. Napakia magari ya wengine, pamoja na wale wale waliokuwa wakinitukana. Bado wananiita shofa. Gari likigonga wananiangalia, nami najua linaumwa wapi, lakini hakuna anayeniuliza. Tunasukuma.

Mama amesema nibaki katika chumba. Haongei nami sana. Salamu tu, na kazi.

Jana nilimpigia mke wangu nikamwambia gari limekwisha. Akauliza: "Sasa unarudi?" Alikuwa ameshaacha kuuliza. Nikasema mtandao ni mbaya, simsikii. Nilikuwa namsikia.

Leo nimefunga mlango kwenye tanuri. Nilinyoosha kile chuma kwa nyundo, nikatafuta bawaba. Haufungiki vizuri, umekatwa pembe moja. Upande mmoja bluu, upande mwingine lami ambayo haikutoka yote. Mama alisimama akiutazama, akaufungua, akaufunga. Akawasha moto.

Mikate ya kwanza imetoka na harufu ya lami. Haiuziki. Ameniletea mmoja mlangoni pa chumba changu, bado wa moto, akarudi zake ndani.

Una uchungu kidogo. Nimeula wote.