Keria Yenye Mto

Kwako Baba Salma,

Hali yako sikuulizi. Eda yako nimeikalia mpaka ikaisha, kwa hiyo naijua kuliko daktari. Mimi mzima, Salma mzima, mbuzi naye mzima ila ana kiburi. Mwandiko usiuangalie, unajua mimi na darasa la nne tuliachana mapema. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo lako hapa uani, na wewe umeondoka bila kuniachia jibu.

Zile baiskeli zako zimepata mtu.

Unakumbuka nilivyokuwa nakusema. Bodaboda zilipoingia Nangurukuru, kila mwenye baiskeli mbovu alikuletea wewe. "Fundi, niwekee kidogo," anasema, halafu ndiyo kwaheri. Zikajaa nyuma ya choo, zikajaa chini ya mkorosho, moja ukaitundika juu ya kitanda chetu, nikawa nalala pedali inaniangalia. Nikikwambia uza hivi vyuma chakavu tupate kitanda cha maana, unanijibu, "Mke wangu, hizi zimechoka tu, hazijafa." Mimi nilipochoka hukuniambia hivyo. Uliniambia niende kwa mama nikapumzike.

Sasa amekuja bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Masoko. Anazitaka zote, wageni wake wapande vitu vya zamani. Lakini ana masharti. "Mama, usinipakie rangi mpya zikafanana kama sare za shule. Nataka kila moja nijue imetoka nchi gani, ilikuwa ya nani na ilikuwa inakwenda wapi." Nikamwambia hiyo kazi ndogo. Unanijua, mtu akiniuliza kama naweza kurusha ndege, mimi namuuliza lini.

Basi tumeanza. Mdogo wako Bakari anafungua, mimi nasugua. Nati zilizokaza nazilaza kwenye mafuta ya taa mpaka zinatubu. Rimu na usukani nasugua kwa majivu na ndimu. Viti vya ngozi nimevipaka mafuta ya nazi, vinang'aa kuliko miguu yangu. Na nimejua kuzitambua, mume wangu, ungenionea fahari. Zile nembo za mbele nyingi watoto walishang'oa wakachezea, lakini mtu anayejua anaangalia ile gia kubwa ya kwenye pedali. Kila kiwanda kilikuwa kinaitoboa kwa ua lake. Hii ya Mwingereza, hii ya Mhindi, hii ya Mchina, na moja Mungu peke yake ndiye anajua, nimeiandika ya Mngoni.

Za nani, hilo ndilo lilileta watu. Ukisugua madigadi maneno yanatoka chini ya kutu. Moja imeandikwa NIPISHE NINA NJAA, kijiji kizima cha Mitole wakasema hiyo ya marehemu mpiga ngoma, hakuna mwingine. Akaja pia mzee mmoja kutoka Kikole, ameshika fremu ya kijani anasema hii yangu. Nikamjaribu. "Shikamoo babu. Kama yako, kengele yake ilikuwa upande gani?"

"Marahaba. Haikuwa na kengele. Nilikuwa nakohoa."

Nikaangalia usukani, kweli haujawahi kufungwa kengele. Nikamwandika.

Kila mtu aliyekuja alikuwa na habari yako. Fundi alinisaidia hivi, fundi alinichekesha vile. Nilikuwa natabasamu, lakini ndani nauma meno. Huku kwangu ulikuwa unakuja umechoka, unakula, unalala. Kumbe vichekesho vyote ulikuwa unavimalizia barabarani.

Ila nilikuwa na langu moja la kujivunia, na wewe unalijua. Wanaume wenzako wote hapa walioa wa pili, wengine wa tatu. Wewe hapana. Sokoni mimi ndiye nilikuwa natembea shingo juu. Yule mwenzangu muuza samaki, Mama Zaina, mumewe ana wake watatu, nilikuwa nikimpita namwambia, "Mwenzio nimeolewa peke yangu, chungu changu hakina foleni." Anasonya, mimi nacheka. Hata kwenye msiba wako walilia wakisema, mwanaume wa mke mmoja huyo. Nililia, lakini hilo nililisikia vizuri.

Siku uliyonichukua kwetu Mitole ulinipakia kwenye keria, vyuma vitupu. Njia nzima mashimo. Unaniambia, "Jishike mke wangu, kuna shimo," na shimo tumeshaingia. Nilifika kwako siwezi kukaa, mama yako akadhani nina adabu sana, kila akinikaribisha mkekani nasimama. Miaka yote ya ndoa yetu nimekaa juu ya vyuma vile. Nilikuomba kitambaa cha kukalia ukaniambia keria ni ya mizigo, ukiweka mto kamba haishiki. Nikakubali. Fundi ni wewe.

Sasa nieleze hii.

Imetoka ya mwisho kabisa, nyuma ya zote, imeviringishwa turubai. Nyeusi, ya Mwingereza, breki za vyuma, dainamo yake nzima, cheni ina grisi kama ya jana. Na juu ya keria kuna mto. Umeshonwa kwa uzi wa viatu, umefungwa pembe nne kwa mikanda, mnene, laini. Nikaukalia. Baba Salma, niliukalia nikafumba macho kwa raha, halafu nikafumbua kwa hasira.

Nikaufumua ili niufue. Ndani ya sponji umekunja kanga. Kanga yangu. Ile nyekundu yenye korosho, iliyoandikwa PEKE YAKO MOYONI. Uliniletea kipande kimoja ukaniambia mwenzake ameungua na pasi dukani, nikasema ahsante mume wangu, nikakivaa mpaka kikachanika. Kumbe mwenzake hakuungua. Sasa naomba unisaidie, hiyo "peke yako" uliigawaje mara mbili kwa mkasi?

Nikamwita Bakari. "Shemeji, hii ya nani?"

"Ipi?"

"Hii unayoikwepa kwa macho."

"Shemeji, mimi kwa kaka nilikuwa nashika spana tu."

"Sijakuuliza ulichoshika. Nimekuuliza nani alikuwa anakaa hapa."

"Muulize mwenye baiskeli."

"Mwenye baiskeli nimemuuliza, hajibu. Umebaki wewe, na chakula cha mchana umeshakisikia harufu yake."

Akaniangalia, akaangalia sufuria. "Milola," akasema. "Kwa Bi Tatu. Ile misimu ya korosho kaka alipokuwa anakwenda kutengeneza baiskeli za wakulima. Lakini shemeji, mimi nilikuwa naendesha ya nyuma, ya mbele siyaoni."

Nikampa wali wake, nikachukua namba. Nikampigia huyo Bi Tatu kwa sauti ya biashara, nikamwambia hapa kwa marehemu fundi kuna baiskeli nyeusi inamtafuta mwenyewe. Akasema anakuja.

Nilijiandaa kama ninayekwenda kutunza harusini. Wanja, hina, mipasho nimeipanga kichwani mmoja baada ya mwingine. Nilitegemea kimwana. Akashuka mama mtu mzima kama mimi, mnene kama mimi, kandambili kama zangu. Hapo mlangoni tukatazamana. Nilisubiri aniamkie, na yeye anasubiri nimwamkie. Hakuna aliyetaka kuwa mdogo, hakuna aliyetaka kuwa mzee. Tukaishia habari za masiku, na wala hatujawahi kuonana.

Nikamtolea baiskeli. Akaishika keria kwanza, hakushika usukani. Mipasho yangu yote ikakimbia.

"Alikuoa?" nikamuuliza.

"Alitaka."

"Ikawaje?"

"Nikakataa."

Nikacheka. "Wewe ukatae mume kwa sura ipi?"

"Hii hii," akasema. "Wewe si umempata kwa hiyo yako?"

Mume wangu, nilitaka kumchukia, lakini mtu anayejibu hivyo unamchukiaje? Ikabidi nimpe chai.

Akanisimulia. Ulimpelekea kile kipande cha kanga. Akakigeuza huku na huku, akakuuliza mwenzake yuko wapi. Ukamwambia ameliwa na panya. "Nikajua palepale ana mke," akaniambia. "Kanga huuzwa doti, dada. Mwanaume akikuletea moja, nyingine ameshaitoa. Nikamwambia mimi hata korosho sigawani, sembuse mume. Nikamrudishia kanga yake. Akakaa, akaifanya mto, akasema basi angalau niikalie. Nikaikalia msimu mmoja, mpaka shambani na kurudi. Halafu nikamwambia apakie baiskeli yake juu ya basi, arudi kwa mwenzangu."

Aliyasema taratibu, anapuliza chai. Hajui alichonifanya.

Kwangu pasi, kwake panya. Mwenzangu akauliza swali, mimi nikasema ahsante. Na ile shingo yangu ya sokoni yote, mume wa mke mmoja, peke yangu, chungu hakina foleni, haikuwa kazi yako. Ilikuwa kazi ya huyu mama wa Milola. Wewe ulikuwa tayari. Ulirudi kwangu kwa sababu kule ulifungiwa mlango. Kama wivu una pedali, siku ile nilikuwa nimeshafika Mtwara.

Nilimuuliza tena kitu kimoja, najua sikupaswa. "Alikuwa anakuchekesha?"

"Sana," akasema. "Wewe je?"

Nikasema sana. Nikamwongezea sukari asinitazame usoni.

Saa ya basi la Lindi la kumrudisha Milola ikakaribia, Bakari ghafla akapata safari. Nikamwambia Bi Tatu, panda.

"Unajua kuendesha?"

"Sitini na kitu nimezijaribu zote mwezi huu. Nyingine nimeanguka nazo, lakini hii bado."

Mto nilikuwa nimeshaurudishia. Akapanda kiubavu, akanishika kiuno, na alivyonishika nikajua alishazoea kukaa hapo. Nikakanyaga pedali. Watu wazima wawili wa kilo zile, cheni inalia, mimi nahema. Tumefika karibu na mashine ya kusaga akasema, "Yeye alikuwa anaendesha taratibu."

"Mimi alikuwa anakimbiza. Hakuna shimo alilonikosesha."

Akafikiri. "Labda alikuwa anawahi kufika kwake."

Nikazidi kukanyaga. Sikujua kama amenipa kitu au ameninyang'anya, na sasa hivi bado sijui.

Stendi wote wakageuka. Na nani yuko pale mbele na beseni lake? Mama Zaina. "Haya Mama Salma, leo umekuwa bodaboda. Umembeba nani huyo, mbona kakushika kama mumeo?"

Ningeweza kusema mgeni. Ningeweza kusema mteja wa baiskeli, wala isingekuwa uongo mkubwa. Stendi nzima inasikiliza, na ile shingo yangu yote inategemea neno moja. Nikaegemeza baiskeli, nikamsaidia mwenzangu kushuka.

"Huyu mke mwenzangu," nikasema. "Aliombwa kazi akakataa, nikaifanya peke yangu."

Mama Zaina beseni likayumba. Sijui alikuwa anasubiri neno hilo tangu lini, lakini hakusonya. Alinitolea kigoda chake, akamtolea na Bi Tatu ndoo ya kukalia. Na Bi Tatu akanisogelea sikioni, "Nilimkatalia yeye ukewenza, sasa wewe unanipa bure?"

"Kaa kimya," nikamwambia, "basi linakuja."

Tulicheka mpaka kondakta akatuuliza nani anasafiri.

Yule bwana wa Masoko ameshazichukua baiskeli zake. Kila moja ina jina la mwenyewe, kijiji chake na nchi iliyotoka, na nyumba sasa ina upepo, nimeona ukuta ambao sikuuona tangu Salma anatambaa. Aliiona na hii nyeusi. Akaniuliza ilikuwa ya nani. Nikamwambia hii haiuzwi, ina kasoro. Akainama kuitafuta, akaigeuza magurudumu juu, akaizungusha, hakuiona. Kasoro yenyewe ni lile swali lake, ilikuwa ya nani.

Dua nakuombea kila Alhamisi kama kawaida. Alhamisi mbili hizi nimeomba kwa kifupi, utanisamehe. Sijakusamehe wewe bado, nakwambia ukweli, na Bi Tatu akinipigia simu kunijulia hali namjibu vizuri halafu nikikata naumwa kichwa. Kinachoniuma si kwamba ulimpenda. Kinachoniuma ni kwamba kuna njia ya kutoka Milola mpaka shambani uliiendesha taratibu, na mimi sikuwepo.

Mungu akupe kauli thabiti, na makosa yako ayafute, mengine aniachie mimi. Nikija huko tutaongea. Usijifanye umelala.

Mkeo wa pekee, kwa hisani ya Bi Tatu,
Mama Salma